Baada ya ajali kazini: Kwa Nini Tano, mfupa wa samaki, mti wa sababu au uchunguzi wa vizuizi?

Fomu ya ajali ina sehemu iliyoandikwa "Chanzo cha ajali". Nimesoma fomu nyingi ambazo sehemu hiyo imejazwa maneno matatu tu: "Mfanyakazi hakuwa makini." Chini yake, kwenye hatua zilizochukuliwa, kuna neno moja: "Ameonywa." Fomu inasainiwa na kuwekwa kwenye faili, na mashine inaendelea kuzunguka vilevile ilivyozunguka siku ile.

Makala haya yanamlenga anayekabidhiwa fomu hiyo: afisa usalama, msimamizi wa shifti, mjumbe wa kamati ya usalama, au mwenye karakana ya watu kumi ambaye kila kazi ni yake. Njia za kuchunguza ajali ni nyingi, ila nne ndizo utakazokutana nazo mara kwa mara. Nitazipitisha zote kwenye ajali moja ili uone kila moja inaona nini na inakosa nini.

Ajali yenyewe

Ni kiwanda cha sembe. Nimekibuni kwa ajili ya makala haya, lakini aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga atakitambua kila kipande chake. Ni Jumamosi, saa nne na nusu usiku. Mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye mashine unateleza na kupiga kelele. Msaidizi, kijana mwenye wiki mbili kazini, anachukua kipande cha sabuni na kuusugua mkanda huku ukizunguka, kama alivyowaona wenzake wakifanya. Kava la mkanda haliko mahali pake, limeegemezwa ukutani. Mkono unavutwa kwenye puli. Mwenzake anakimbilia swichi ya kuzimia na kukuta imezibwa na magunia yaliyopangwa jioni ile. Mpaka mashine inasimama, kijana amepoteza vidole viwili.

Je, hakuwa makini? Alipeleka mkono kwenye mkanda unaozunguka, hilo halina ubishi. Lakini mwite kesho kijana mwingine, makini kuliko wote, umweke mahali palepale, na mkanda uleule, usiku uleule. Ukiona kwamba naye yuko hatarini, basi umakini haukuwa chanzo, na fomu haijajibu swali lake.

Kwanza ushahidi

Njia zote nne hazina faida bila ukweli uliokusanywa mapema. Majeruhi anapelekwa hospitali kabla ya jambo lingine lolote. Kisha umeme wa mashine unakatwa na swichi kubwa inafungwa kwa kufuli. Kisha picha zinapigwa kabla kitu chochote hakijasogezwa: kava lilipo, magunia yalipo, mkanda na maandishi yake ya saizi, spana iliyo karibu au isiyokuwepo. Ndani ya saa moja mtu mwenye nia njema atakuja na fagio na kuanza kusafisha, na ushahidi wako utaondoka na vumbi la unga.

Mashahidi wasikilizwe mmoja mmoja, siku hiyohiyo au kesho yake, kabla hawajakaa pamoja na kuwa na hadithi moja. Ukimuuliza mtu "kwa nini ulifanya vile?" atajitetea. Ukimwambia "nisimulie shifti yako tangu ulipoingia", atakutajia mambo ambayo usingejua kuyauliza.

Taarifa kwa serikali nayo haingoji uchunguzi wako umalizike. Kenya, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifo kazini kinaripotiwa ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi inafuata ndani ya siku 7. Tanzania, anayepaswa kujua ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, na suala la fidia linakwenda WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Msaidie majeruhi kufungua faili la fidia mapema. Fidia haimtaki athibitishe kwamba mwajiri alizembea, na akilijua hilo, na mwajiri akalijua, wote wawili wanakuwa na sababu ndogo ya kuficha jambo.

Kwa Nini Tano

Njia hii ilitoka Japani, Toyota, na Taiichi Ohno ndiye aliyeieneza. Mfano wake mwenyewe ni wa mashine iliyosimama ghafla. Kwa nini? Fyuzi iliungua kwa kuzidiwa na mzigo. Kwa nini? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haikusukuma vizuri. Kwa nini? Shafti yake ilikuwa imelika. Kwa nini? Hapakuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Anayeishia kwenye jibu la kwanza anabadilisha fyuzi, na baada ya muda mfupi anaibadilisha tena.

Turudi kwenye sembe. Kwa nini mkono uliingia kwenye puli? Kava halikuwepo. Kwa nini? Lilifunguliwa alasiri ili mkanda ukazwe, halikurudishwa. Kwa nini halikurudishwa? Mkanda hukazwa mara tatu au nne kwa shifti, na kava lina bolti nne. Kwa nini hukazwa mara zote hizo? Saizi yake si ya puli zile. Kwa nini ulifungwa mkanda wa saizi hiyo? Stoo iliishiwa, ukanunuliwa uliopatikana dukani, na aliyenunua hakutakiwa kumuuliza fundi kwanza.

Ndani ya robo saa, kwa kalamu na karatasi, tumetoka kwa kijana "asiye makini" tukafika kwenye utaratibu wa manunuzi. Ndiyo sababu naipenda njia hii kwa karakana ndogo. Haihitaji kozi wala kompyuta, na fundi asiyependa kuandika anaweza kuifanya akiwa amesimama.

Lakini tazama kilichoachwa. Swichi iliyozibwa na magunia haikutajwa hata mara moja. Ugeni wa kijana haukutajwa. Tulianza na swali "kwa nini mkono uliingia?", likatuvuta kwenye kava, na tangu hapo tulikuwa kwenye uzi mmoja. Angekuja mtu mwingine akaanza na "kwa nini mashine haikuzimwa haraka?", angefika kwenye upangaji wa magunia na kudhani amemaliza. Wachunguzi wawili waaminifu, ajali moja, vyanzo viwili tofauti kabisa. Huo ndio udhaifu mkubwa wa Kwa Nini Tano. Pia idadi ya tano si amri: mara nyingine unafika kwa maswali matatu, mara nyingine saba.

Kuna mambo mawili yanayoiokoa. Kwanza, jibu likiwa mtu ("alisahau", "alipuuza"), usisimame hapo. Uliza ni nini kilifanya jambo lile lionekane sawa kwake saa ile. Pili, ukifika mwisho, soma mnyororo kwa kurudi nyuma ukitumia "kwa hiyo": mkanda haukuwa wa saizi, kwa hiyo ulilegea, kwa hiyo ulikazwa mara kwa mara, kwa hiyo kava liliachwa wazi. Pale ambapo "kwa hiyo" inakwama mdomoni, umeruka kitu.

Mfupa wa samaki

Huu ni mchoro wa Kaoru Ishikawa, Mjapani pia, ulioenea viwandani kuanzia miaka ya 1960. Kichwa cha samaki ni ajali, na miba mikubwa ni makundi: watu, mashine, vifaa, utaratibu, mazingira, vipimo. Watu wanakaa mbele ya ubao na kila mmoja anataja anachokijua, kinaandikwa kwenye mwiba wake.

Nguvu yake ni kwamba kila mtu anasikika. Mbebaji magunia ambaye hajawahi kuulizwa kitu atasema kwamba lori la jioni halikuja, ndiyo maana magunia yakajaa mpaka kwenye swichi. Mfagiaji atasema sabuni imekuwa ikiwekwa juu ya mota tangu mwezi uliopita. Habari kama hizi haziko kwenye daftari lolote.

Udhaifu ni kwamba unakusanya mambo bila kuyapima. Baada ya saa moja ubao umejaa vitu thelathini, vingine ni ukweli, vingine ni hisia, na hakuna mstari unaoonyesha kipi kilisababisha kipi. Tena mwiba wa "watu" hujaa kwanza, kwa sababu kumsema asiyekuwepo ni rahisi kuliko kuisema bajeti mbele ya meneja. Ukiutumia, anza na mwiba wa mashine na umalizie na wa watu, na kila kinachobaki ubaoni kiwe na uthibitisho wake: picha, daftari, au aliyeona kwa macho. Kwa maoni yangu mfupa wa samaki ni chombo kizuri cha kukusanyia habari, lakini usiutegemee kutoa uamuzi.

Mti wa sababu

Hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi, na ndiyo inayofahamika kwa uchache zaidi kwetu. Iliendelezwa Ufaransa miaka ya 1970 na taasisi ya utafiti wa usalama kazini, INRS. Unaanza na jeraha, kisha kwa kila tukio unauliza maswali matatu: ni nini kilihitajika ili hili litokee? Je, hicho peke yake kilitosha? Kama hakikutosha, ni nini kingine kilihitajika?

Swali la pili na la tatu ndiyo yanayoitofautisha na Kwa Nini Tano. Yanakulazimisha kutafuta tawi la pembeni.

Ili vidole vikatike namna ile, mkono ulihitaji kuwa karibu na puli inayozunguka. Je, hilo lilitosha? Hapana, kava lilihitaji kuwa wazi. Je, hayo mawili yalitosha? Yalitosha kumjeruhi, lakini ukubwa wa jeraha ulitokana pia na mashine kuchelewa kusimama. Matawi matatu.

Tawi la kava: mkanda hukazwa mara nyingi, na spana namba 17 ya kurudishia bolti imefungiwa stoo, na stoo hufungwa saa kumi na mbili jioni. Tawi la mkono: mkanda unateleza, na fundi hayupo usiku, na kijana hajawahi kuonyeshwa kwamba mashine huzimwa kabla ya kugusa mkanda, bali ameonyeshwa sabuni. Tawi la swichi: lori halikuja, na hakuna mstari sakafuni unaoonyesha magunia yaishie wapi.

Sasa angalia mkanda usio wa saizi. Ndio unaofanya ukazwe mara nyingi kwenye tawi la kava, na ndio unaoteleza kwenye tawi la mkono. Sababu moja inalisha matawi mawili. Kwa Nini Tano iliupata mkanda huo pia, lakini haikuonyesha kwamba ukiubadilisha unakata matawi mawili kwa pigo moja. Meneja akikuuliza fedha iende wapi kwanza, mti una jibu.

Njia hii ina masharti. Kinachoingia kwenye mti ni ukweli tu, si hukumu. "Alizembea" haiingii. "Mafunzo hayatoshi" nayo haiingii, kwa sababu ni maoni. "Hajawahi kuonyeshwa jinsi ya kuzima mashine" inaingia, kwa sababu unaweza kuthibitisha. Gharama yake ni muda. Tenga nusu siku kwa ajali ya kawaida, zaidi kwa kubwa, na mtu mmoja aliyekwishajizoeza kuchora. Mara ya kwanza utachanganyikiwa. Jizoeze kwenye tukio dogo kabla hujalazimika kuutumia mbele ya familia iliyofiwa.

Uchunguzi wa vizuizi

Njia tatu za kwanza zinauliza nini kilisababisha. Hii inauliza nini kilipaswa kuzuia, na kwa nini hakikuzuia. Picha yake maarufu ni ya James Reason, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Manchester: vipande vya jibini vyenye matundu vilivyopangwa, hatari ikipita pale matundu yanapolingana. Mimi huwaambia watu wafikirie vyandarua vitatu vilivyotoboka, kimoja juu ya kingine. Mbu hapiti mpaka tobo la kwanza, la pili na la tatu yakae mstari mmoja.

Ajali ya Piper Alpha inaonyesha kwa nini mtazamo huu unahitajika. Lilikuwa jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, karibu na Uskoti. Tarehe 6 Julai 1988, mchana, mafundi waliondoa vali ya usalama ya pampu moja kwa ajili ya matengenezo na kuziba nafasi yake kwa kifuniko cha muda. Kazi haikumalizika. Usiku pampu ya pili ilikataa kufanya kazi, na watu wa shifti ya usiku wakaiwasha ile ya kwanza bila kujua kwamba haina vali. Gesi ikavuja, ukatokea mlipuko. Watu 167 walikufa.

Ukiuliza "nani aliwasha pampu?" utapata jibu, na halitamwokoa mtu mwingine yeyote. Lord Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alikwenda kwenye vizuizi kimoja baada ya kingine. Vibali vya kazi, yaani ruhusa za maandishi za kufanya kazi ya hatari, vilikuwepo, lakini habari ya vali haikuwafikia shifti ya usiku. Kuta zilikuwepo, lakini zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko. Pampu za zimamoto zilikuwepo, lakini zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi. Majukwaa jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kwenye mabomba yaliyounganishwa na moto ule. Ripoti yake ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, na usimamizi wa usalama baharini ukahamishwa kutoka wizara iliyokuwa inasimamia uzalishaji. Mamlaka inayohimiza mafuta yatoke haikuachiwa tena kuwa ndiyo inayopima hatari.

Kwenye sembe vizuizi ni vichache: kava, swichi, msimamizi, mazoea ya kuzima kabla ya kugusa. Vyote vinne vilikuwa na tobo usiku ule. Zuri la njia hii ni kwamba unaweza kuitumia kabla ya ajali, ukizunguka kiwandani na karatasi. Udhaifu wake ni kwamba inakuonyesha tobo bila kukueleza kwa nini lipo. Kujua kwamba kava lilikuwa wazi hakukufikishi kwenye spana iliyofungiwa stoo. Kwa hiyo ukimaliza orodha ya vizuizi, kila tobo lichorewe mti wake au liulizwe kwa nini zake.

Bega kwa bega

| Njia | Muda | Watu | Inafaa zaidi | Inakosa nini |
|---|---|---|---|---|
| Kwa Nini Tano | Dakika 15–30 | 1–3 | Nusura ajali, jeraha dogo, hitilafu ya kifaa kimoja | Matawi ya pembeni |
| Mfupa wa samaki | Saa 1–2 | 5–8 | Kukusanya habari, matukio yanayojirudia | Uhusiano wa sababu na tokeo |
| Mti wa sababu | Nusu siku au zaidi | 3–5 | Jeraha kubwa, kifo, ajali yenye mambo mengi | Si wa haraka, unataka mazoezi |
| Vizuizi | Saa chache hadi siku nyingi | 2–5, pamoja na fundi | Gesi, kemikali, umeme mkubwa, kazi za vibali | Asili ya kila tobo |

Muda na idadi ya watu ni makadirio yangu kwa sehemu ya kazi ya ukubwa wa kawaida.

Nichague ipi?

Usichague kwa kuangalia damu iliyomwagika. Gunia la kilo 50 lililoanguka hatua moja kutoka kichwani kwa mtu halijamjeruhi mtu, lakini lingeweza kuua, na linastahili mti wa sababu kuliko kidole kilichokwaruzwa. Pima mambo mawili: tukio hili lingeweza kufika wapi, na ni mambo mangapi yalihitaji kukutana ili litokee. Likiwa dogo na la uzi mmoja, Kwa Nini Tano inatosha. Likiwa dogo lakini linajirudia kila mwezi, waite watu mbele ya mfupa wa samaki. Likiwa lingeweza kuua, chora mti. Likiwa lingeweza kuua wengi kwa pamoja, anza na vizuizi, kisha chora mti wa kila tobo.

Karakana ndogo isiyo na muda wa mti ina njia ya katikati: fanya Kwa Nini Tano mara tatu, kila mara ukianza na swali tofauti. Kwa nini ilitokea? Kwa nini haikuzuiwa? Kwa nini ilidhuru kiasi hiki? Hutapata mti kamili, lakini swichi na magunia havitakuponyoka.

Nani achunguze ni muhimu kama njia yenyewe. Msimamizi wa shifti akichunguza shifti yake peke yake, tawi linaloelekea kwake litakuwa fupi, hata akiwa mtu mwema. Mweke pamoja na fundi na mwakilishi wa wafanyakazi. Kenya, sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi inatakiwa kisheria kuwa na kamati ya usalama. Itumie kwa kazi hii, isiwe ya kusaini mihutasari tu. Uchunguzi utenganishwe kabisa na nidhamu. Tuseme wiki tatu kabla ya ajali glavu ya mtu mwingine ilivutwa na puli ileile, naye akanyamaza, kwa sababu aliyeripoti jambo mwaka jana alikatwa mshahara. Katika kiwanda hicho hakuna njia hata moja kati ya hizi nne itakayofanya kazi, kwa kuwa zote zinategemea mdomo wa mtu anayeogopa. Ondoa makato hayo kwanza.

Mapendekezo nayo yapimwe

Mti mzuri unaweza kuishia kwenye pendekezo dhaifu. "Wafanyakazi wakumbushwe" ndilo dhaifu kuliko yote, na ndilo linaloandikwa zaidi. Kuondoa hatari kunashinda kuikinga, kukinga kwa kifaa kunashinda tangazo, na tangazo linashinda glavu, hasa pale ambapo glavu yenyewe ingevutwa na puli. Kwa kiwanda chetu ningeandika hivi: mkanda wa saizi sahihi ufungwe wiki hii na mwingine uwekwe stoo, vipuri vya mashine visinunuliwe bila saini ya fundi, kava liwekewe bawaba lifunguke bila kutolewa, na swichi inayozima mota likifunguliwa, spana namba 17 ining'inizwe kwa mnyororo kando ya mashine, mstari wa rangi uchorwe sakafuni mbele ya swichi ya kuzimia. Kila moja iwe na jina la mhusika na tarehe.

Baada ya siku thelathini, nenda mwenyewe. Usiende saa nne asubuhi, meneja akiwepo. Nenda Jumamosi usiku, fundi akiwa ameshaondoka na lori limechelewa. Tazama kama kava limefungwa, kama mstari wa sakafuni bado unaonekana, kama juu ya mota kuna kipande cha sabuni.